KAMIONETE YA OKAZIO YA MAZUTU: UIPIME KABLA YA KULIPA, UITUNZE BILA KUUMIA



Wengi kati yetu wanaweka feza kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, ili siku moja wanunue kamionete ya okazio, ni kusema motokari iliyokwisha kutumiwa na wengine. Mmoja anataka kuleta samaki toka Kasenga. Mwingine anataka kupakia mahindi, makala ao saruji. Mwingine anafikiri siku za pansio, wakati mshahara utakuwa umekwisha. Shauri hili ni zuri. Lakini feza ya miaka 10 inaweza kupotea kwa siku moja, kama mtu ananunua kwa macho tu.

Pengine utauliza: juu ya nini ukurasa wa afya na usalama unasema habari za motokari? Jibu ni hili. Kazini tuna kofia, botini, miwani na mkubwa wa usalama. Lakini kamionete yetu tunaitengeneza nyuma ya nyumba, siku ya Mungu, na kandambili miguuni, watoto wakisimama karibu. Huko hakuna anayetuangalia. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi miaka mingi mgodini bila jeraha anaweza kupoteza kidole, jicho ao pafu katika uwanja wake mwenyewe. Somo la leo lina sehemu tano. Ulisome polepole, na ukate ukurasa huu uuweke.

I. MOTERI YA MAZUTU INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Moteri ya esansi inawashwa na cheche ya buji. Moteri ya mazutu haina cheche. Inavuta hewa tu, kisha inaikandamiza kwa nguvu, mara 15 mpaka 22. Hewa iliyokandamizwa namna hii inapata joto kali, zaidi ya digri 500. Hapo enjektere inarusha mazutu ndani yake kama ukungu, na mazutu inawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyevumbua namna hii; moteri yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilionekana mwaka 1897.

Kutoka hapo unaweza kufahamu mambo mawili:

1. Moteri ya mazutu inaishi kwa nguvu ya kukandamiza. Kama nguvu hiyo imepungua juu ya uzee, moteri imechoka, hata kama rangi ya motokari inang'aa.
2. Pompi na enjektere zinafanya kazi kwa nguvu nyingi sana na zina matundu madogo sana. Maji na vumbi ni adui zao wa kwanza. Tena nguvu hiyo ni hatari kwa mkono wako, kama tutakavyoona.

II. KABLA YA KULIPA

Usiende peke yako, na usiende na feza mfukoni siku ya kwanza. Enda na fundi unayemwamini, asiye rafiki wa mwuzaji. Enda asubuhi, mchana ukiwa mweupe. Motokari isiangaliwe usiku wala wakati wa mvua. Maji yanafunika makosa ya rangi.

1. Moteri iwe ya baridi. Fungua kapo na usogeze mkono karibu na moteri kabla haijawashwa. Ikiwa ina moto, mwuzaji amekwisha kuiwasha. Umuulize sababu, na urudi kesho. Moteri iliyochoka inakubali kuwaka ikiwa moto, lakini asubuhi na baridi inakataa. Hapo ndipo inasema ukweli.

2. Angalia moshi. Moshi mweusi mwingi unaonyesha mazutu nyingi na hewa kidogo: filtri ya hewa imeziba, ao enjektere ni mbaya. Moshi wa buluu unaonyesha kwamba mafuta ya moteri yanaungua ndani. Ni uzee, na kuutengeneza ni feza nyingi. Moshi mweupe kwa muda mfupi asubuhi si ajabu. Lakini ukiendelea wakati moteri imepata moto, ni mazutu isiyoungua, ao maji yameingia ndani ya moteri.

3. Fungua kizibo cha mafuta ya moteri wakati moteri inazunguka polepole. Ukiona pumzi inatoka kwa nguvu kama bomba la moshi, nguvu ya kukandamiza inakimbilia chini. Usinunue.

4. Angalia mafuta na maji. Mafuta ya moteri ya mazutu ni meusi hata kama ni mapya kidogo, usiogope weusi. Ogopa mafuta yanayofanana na kahawa ya maziwa, na maji ya radiatere yenye mafuta juu. Hapo maji na mafuta yamekutana ndani ya moteri.

5. Ingia chini ya motokari, ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake yote, mahali pa sawasawa. Angalia shasi toka mbele mpaka nyuma. Kutu ya juu juu si neno. Lakini kutu inayotoboka, ao alama za kuungwa kwa moto, zinaonyesha motokari iliyoanguka ao iliyobeba kupita kipimo. Shasi iliyovunjika haitunzwi kwa rangi.

6. Soma tarehe ya pine. Ubavuni mwa pine kuna tarakimu 4 ndani ya alama ndefu kama yai. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2315 maana yake juma la 23 la mwaka 2015. Pine yenye miaka zaidi ya 10 itupwe, hata kama mifereji yake ni mirefu: mpira unazeeka na kupasuka njiani. Mifereji isishuke chini ya milimita 1.6.

7. Linganisha kilomita na pedali. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Ikionyesha kilomita 80,000 lakini mpira wa pedali umekwisha na kiti kimebonyea, usisadiki saa; usadiki pedali.

8. Uliza habari za mkanda wa ndani. Moteri nyingi za zamani, kama 2L na 3L za Toyota, zina mkanda wa mpira unaoongoza supapi. Unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, moteri inavunjika kwa dakika moja. Kama mwuzaji hana karatasi ya kuonyesha siku ulipobadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa, na uweke feza yake pembeni.

9. Soma namba ya shasi kwa macho yako mwenyewe na uilinganishe na karte roze. Namba moja ikiachana, ao ukiona imekwanguliwa, funga mazungumzo. Motokari ya wizi itakuondokea bila feza kurudi. Andika karatasi ya kuuziana mbele ya mashahidi.

Neno juu ya usukani wa kuume

Kamionete nyingi zinafika kwetu zikipita Dar es Salaam, Zambia na Kasumbalesa. Zilifanywa kwa nchi ambako watu wanatembeza motokari upande wa kushoto, na usukani wake uko kuume. Katika Kongo tunatembea kuume. Shofere wa motokari namna hii anakaa upande wa majani. Akitaka kupita kamio kubwa, hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka nusu ya motokari yake iko ndani ya hatari. Tena taa zake zinaelekea kushoto, ni kusema ndani ya macho ya yule anayekuja. Kabla ya kununua, uliza ofisi ya serikali kama motokari hiyo inapokelewa kuandikwa. Kama unayo tayari, badilisha taa za mbele, ukae mbali na kamio iliyo mbele yako, na usipite mpaka unaona barabara tupu kabisa.

Mwisho wa sehemu hii: usilipe feza yako yote. Weka pembeni angalau sehemu moja kati ya nne. Miezi ya kwanza motokari ya okazio itakudai pine, bateri, filtri na freni. Mtu aliyemaliza feza yake siku ya kununua ndiye atakayetembea bila freni, na si yeye peke yake atakayekufa.

III. MATUNZO: KITABU CHA MOTOKARI

Mama anapopeleka mtoto kupimwa uzito, anabeba kadi. Muganga anasoma kadi na kuona mara moja kama mtoto anakwenda vizuri. Fanya vilevile kwa kamionete yako. Nunua kaye moja ya shule. Andika tarehe, kilomita, na kazi iliyofanywa. Kaye hii haina bei kubwa, lakini siku ya kuuza itakurudishia feza.

Kila asubuhi: mafuta ya moteri, maji ya radiatere, pine, taa, na kukanyaga freni mara mbili kabla ya kuondoka. Angalia chini: alama ya mafuta ao maji inasema jambo.

Kila juma: fungua skurubu ndogo iliyo chini ya filtri ya mazutu na kumwaga maji yaliyokusanyika, mpaka mazutu safi inatoka. Kazi hii ni ya dakika 5, na inaokoa pompi ambayo bei yake inaweza kupita mishahara mingi. Mazutu ya bidoni inayouzwa kando ya barabara mara nyingi ina maji ao petroli ya taa ndani. Jaza tanki jioni, si asubuhi: tanki tupu usiku linafanya maji ya umande ndani yake.

Wakati wa kiangazi: filtri ya hewa ndiyo pua ya moteri. Katika vumbi jekundu la njia zetu, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, uiangalie kila juma. Ukiipuliza, pulizia toka ndani kwenda inje, na ufunge pua na mdomo wako. Ikipasuka, itupwe, vumbi linakula moteri kama msasa.

Kila kilomita 5,000: mafuta ya moteri na filtri yake, zaidi kwa njia ya vumbi na mizigo.

Kila miaka 2: mafuta ya freni yote. Yanavuta maji toka hewani. Ukishuka mlima na mzigo, maji hayo yanachemka, pedali inazama, na motokari haisimami.

Na mzigo? Kamionete ya kawaida inabeba karibu tani moja: ni mifuko 20 ya kilo 50, basi. Mtu anayekaa juu ya mifuko anahesabiwa vilevile katika tani hiyo. Tena yeye hana mkanda wala paa. Motokari ikiinama anarushwa, kisha mzigo unamwangukia. Usipakie watu juu ya mzigo, hata wakilipa, hata wakilia.

IV. HATARI SABA ZINAZOLETA WATU LOPITALI

1. Kuvuta mazutu kwa mdomo

Hii tunaiona mara nyingi. Mtu anatia mpira ndani ya tanki, anavuta, mazutu inamwingia mdomoni. Anacheka, anatema, anaendelea na kazi. Usiku anaanza homa, anakohoa, pumzi inakuwa fupi. Sababu ni nini? Mazutu ni nyepesi na ina utelezi. Tone dogo linapita njia ya pumzi na kutawanyika katika mapafu. Hatari kubwa ya mazutu si tumboni, iko mapafuni.

Ikitokea: usimtapishe mgonjwa. Akitapika, mazutu itapita koo mara ya pili na kushuka mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Hayaondoi sumu, yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mkalishe akiinuka kidogo, mpeleke lopitali mara moja kama anakohoa ao alikabwa. Hata kama hakohoi, umwangalie kwa saa 24. Ili usifike hapo, nunua pompi ya mkono, ao ufungue kizibo cha chini ya tanki.

Mama, neno hili ni lako vilevile: mazutu isiwekwe hata siku moja katika chupa ya Fanta ao ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma. Weka katika bidoni yake, iliyofungwa, juu, mbali na jikoni.

2. Mkono juu ya bomba la enjektere

Pine ya kamionete ina nguvu ya bari 2 mpaka 4. Bomba la enjektere la moteri ya zamani linapita bari 100. La moteri za sasa linaweza kupita 1,500. Tundu dogo katika bomba hilo linarusha mazutu kama sindano. Usitafute kamwe tundu kwa kidole wakati moteri inazunguka. Chukua kipande cha karatasi nene ukipitishe mbali na mkono. Kikilowa, umepata mahali. Kisha zima moteri ndipo utengeneze.

Mazutu ikiingia mkononi, utaona tundu dogo kama la sindano, na maumivu kidogo tu. Usidanganyike. Ndani, mazutu inapita katika kidole chote na kuua nyama. Saa chache zikipita, kidole ao mkono unaweza kukatwa. Toa pete, inua mkono, usiukamue, usile wala kunywa, na uende lopitali saa ile ile. Mwambie muganga wazi: «Ni mazutu iliyoingia kwa nguvu ya pompi.»

3. Kriki

Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Kamionete ina uzito zaidi ya kilo 1,500. Tia mawe ao mbao mbele na nyuma ya magurudumu, funga freni ya mkono, toa ufunguo. Kabla ya kuingia chini, tia miguu ya chuma ao magogo mapana ya mti mgumu. Usitumie tofali wala blok ya saruji: vinapasuka bila kusema. Na kama uko peke yako nyumbani, usiingie chini; kungoja mtu wa pili si uvivu.

4. Radiatere ya moto

Maji ya ndani yamepita digri 100, na kizibo kinayashikilia. Ukifungua, yanaruka usoni. Kitambaa hakitoshi kukulinda. Zima moteri, ngoja nusu saa ao zaidi, mpaka unaweza kushika radiatere kwa mkono. Mtu akiungua: maji safi ya baridi yapite juu ya kidonda kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala majivu.

5. Bateri

Ndani yake kuna asidi, na wakati wa kuchaji inatoa gazi inayolipuka. Usilete kiberiti wala sigara ili kuangalia maji ya bateri usiku. Ukiitoa, anza na waya wa alama ya kutoa (−). Ukiirudisha, waya huo uwe wa mwisho. Asidi ikiingia jichoni, fungua jicho na kulisafisha kwa maji mengi angalau dakika 20, ndipo kwenda kwa muganga. Dakika za kwanza ndizo zinaokoa jicho, usizimalize njiani.

6. Moshi

Mwezi wa 6 wa mwaka 2012, Kituo cha Utafiti wa Kansa cha Shirika la Afya Ulimwenguni, kilicho Lyon, Ufaransa, kilitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa ya mapafu. Kati ya waliochunguzwa kulikuwa wafanyakazi wa migodi. Sisi tunaokutana na moshi huo kazini hatuna sababu ya kuuongeza nyumbani. Usiwashe moteri katika garaji iliyofungwa. Usiiache ikizunguka mbele ya dirisha la chumba cha watoto. Moshi mweusi si alama ya nguvu. Ni alama ya enjektere ya kutengeneza.

7. Mafuta ya zamani na vumbi la freni

Mafuta ya moteri yaliyotumika yanaweza, kwa miaka, kuleta kansa ya ngozi. Vaa glavu, usiweke kitambaa kilicholowa mfukoni, na usinawe mikono kwa mazutu wala esansi, tumia sabuni. Usipake mafuta hayo juu ya kidonda. Usiyamwage karibu na kisima: maji hayo ni ya kunywa. Na freni za motokari ya zamani zinaweza kuwa na amianti, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu bila kurudi. Usilipulize kwa mdomo wala kompresa. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa chenye maji, ukitupe.

V. UJIPIME

Funika majibu kwa mkono, uulize bibi yako, naye akuulize.

Swali: Mwuzaji amewasha moteri kabla hujafika. Unafanya nini?
Jibu: Ninarudi kesho asubuhi, moteri ikiwa baridi.

Swali: Pine imeandikwa 0812. Ilifanywa wakati gani?
Jibu: Juma la 8 la mwaka 2012. Imepita miaka 10, itupwe.

Swali: Jirani amemeza mazutu, na watu wanataka kumtapisha kwa maziwa. Unasema nini?
Jibu: Ninakataza. Ninamkalisha, ninamvua nguo zilizolowa, ninampeleka lopitali.

Swali: Una tundu dogo kidoleni baada ya kushika bomba la enjektere. Haliumi sana. Unangoja kesho?
Jibu: Hapana. Ninaenda saa hii.

Swali: Unataka kubadilisha pine. Kriki iko, miguu ya chuma haipo. Unaweza kuingia chini kidogo tu?
Jibu: Hapana, hata kidogo.

Ndugu mfanyakazi, kamionete nzuri inaweza kulisha nyumba na kusomesha watoto. Lakini watoto wako wanahitaji baba mwenye mikono miwili na mapafu mazima kuliko wanavyohitaji motokari. Sheria unazoshika mgodini, uzibebe mpaka uwanjani mwako: funga, zuia, vaa, ngoja. Na ukiwa na shaka juu ya jeraha, hata dogo, pita dispansari. Afadhali tukurudishe nyumbani bila dawa, kuliko kukupokea ukiwa umechelewa.